Mwalimu Aliyezitahini Simu

Chapati za mama yangu zilipata sabini na moja. Nilizibeba mwenyewe siku ya Krismasi kwa sahani iliyofunikwa kitambaa, kama majirani wanavyopelekeana chakula, na Mwalimu akala mbili palepale mlangoni, akajifuta vidole, akasema, "Sabini na moja. Mwambie mama yako chumvi imemwangusha." Nikarudi na sahani tupu na alama za mama. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na hadi leo nikiikumbuka siku hiyo nasikia damu ikinipanda kichwani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na watu walimpenda kwa hilo, jambo ambalo linanikera zaidi. Mahubiri ya Jumapili aliyapa alama akiwa bado kwenye ngazi za kanisa, pasta akisikia. Harusi aliipa alama. Mazishi pia. Alimzika rafiki yake wa miaka mingi, akamwaga udongo, akapiga magoti akaomba vizuri, kisha njiani kurudi akatuambia kwamba mazishi yalikuwa mazuri, themanini na mbili, ila wasemaji walikuwa wengi. Watu wa Dagoretti Corner walisimuliana hayo kama vichekesho. "Umesikia Mwalimu amempa chifu ngapi?" Ukiwa na bahati ya kutopewa alama wewe mwenyewe, ni rahisi kucheka.

Mimi nilizipata mapema. Alinifundisha hesabu katika shule ya msingi, na baadaye nikaendelea kuishi jirani naye, ua mmoja kati yetu, kwa hiyo sijawahi kupumzika naye. Darasani alituketisha kwa jumla. Alichukua alama za masomo yote, akazijumlisha, na kila mwisho wa mwezi tulihama na vitabu vyetu: wa kwanza mbele dirishani, wa mwisho nyuma mlangoni, penye upepo. Wambui alikaa mlangoni tangu nilipomjua. Wambui huyo alikuwa akiandika insha ambazo mwalimu wa Kiswahili alizibeba nyumbani kumsomea mkewe. Lakini hesabu ilimvuta chini, na sayansi ikamvuta chini, na jumla ikamtupa pale mlangoni pamoja na watoto ambao hawakuja shuleni nusu ya muhula. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alikuja kumwombea asogezwe mbele hata madawati mawili. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, akamjibu kwa maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. "Jumla haina ndugu."

Maana yake ilikuwa kwamba yeye hapendelei. Na ni kweli, hakupendelea. Mtoto wa diwani alikaa mlangoni kama kawaida. Lakini mtu anaweza kukosa upendeleo na bado akakosea vibaya, kwa sababu kuna vitu havijumlishiki. Ukiwa na kiu, haikusaidii kitu kwamba kikombe kina mpini mzuri na maua mazuri na sahani yake chini, kama kimetoboka. Mwalimu angekipa kikombe hicho themanini.

Alipostaafu, simu zikawa wanafunzi wake. Sijui ilianzaje. Nadhani kijana mmoja wa kwaya alimwomba amsomee maandishi madogo ya kwenye sanduku, na Mwalimu akaona ndani yake kitu alichokuwa amekikosa tangu aache chaki: masomo matano na mtihani. Kumbukumbu, kamera, betri, kioo, na ile aliyoiita akili, yaani kasi ya simu kufikiri. Kila moja juu ya mia. Watu wakaanza kuja. Waendesha boda wa pale stejini, mlinzi wa ploti, mama wa mboga, walimu wenzake wa zamani. Ukitaka kununua simu ulipitia kwanza sebuleni kwa Mwalimu, ukapewa chai, ukaambiwa ni ipi ya kwanza darasani, kisha ukaenda Ngara kuinunua.

Na sitasema uongo, aliwasaidia wengi. Mwendesha boda mmoja alitaka simu inayomaliza siku nzima ikimwonyesha njia bila kuzima, Mwalimu akamtafutia, na kijana huyo hadi leo akipita hapo hupiga honi ya salamu. Ukiwa unataka kile ambacho jumla inapima, Mwalimu alikuwa dhahabu.

Shida ilianza ukitaka kitu kingine. Kwaya ilikuwa imegawanyika, wa tufaha, yaani wa iPhone, upande mmoja na wa Android upande wa pili, na walibishana kuliko wanasiasa. Walimfanya Mwalimu hakimu. Kevo, aliyeongoza sauti ya tatu, alikuwa amejinyima mpaka akanunua iPhone ya mtumba, akaja nayo akiwa ameishika kama yai. Mwalimu akaitahini mbele ya wenzake. Betri, ilianguka. Kumbukumbu, ilianguka. Kamera ilipita kidogo. Kevo akajitetea.

"Lakini Mwalimu, hii iko smooth. Ukiishika tu unaskia."

"Smooth ni somo gani?" Mwalimu akamuuliza. "Linatahiniwa wapi?"

Kwaya yote ikaangua kicheko. Kevo akairudisha simu mfukoni, na nadhani hakuwahi kuitoa tena mbele ya Mwalimu. Nilikuwa nimekaa pembeni na nilitaka kusema kwamba swali lenyewe ni la kipumbavu, kwamba Kevo ndiye atakayeishika hiyo simu kila siku, si sanduku. Sikupata nafasi. Kwa Mwalimu nafasi ulipewa ukiinua mkono.

Sasa sikia jambo ambalo watu walilichukulia kama utani na mimi linanichoma. Yeye mwenyewe alibeba kabambe. Simu ya vitufe, ya tochi, iliyofungwa mpira kiunoni ili betri isidondoke. Katika mtihani wake isingepata hata kumi. Nilimuuliza mara moja kwa nini asijinunulie ile ya kwanza darasani, kama alivyowafanyia wengine, akanitazama kana kwamba nimemwambia abadilishe mguu. Alisema hii anaijua kwa kidole gumba, gizani, bila miwani, na kwamba haijawahi kumsumbua. Aliyasema hayo bila aibu yoyote na bila kusikia anachokisema. Watu wengine aliwapa nambari, na yeye akajiwekea raha.

Lazima nimseme mkewe, kwa sababu bila yeye hadithi hii ingekuwa ya mzee mwenye vituko tu. Tulimwita Mama Mwende. Ni Mkamba wa Machakos, mwembamba, mwenye sauti nzito usiyoitarajia, na kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza maombi ya wanawake wa kanisa letu. Kisha presha ya macho ikamshika. Kwanza hakuona pembeni, akawa anagonga miimo ya milango, halafu kati nako kukafifia. Daktari aliwaambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi.

Na hapo nilimwona Mwalimu mwingine. Mwanamume wa kizazi chake, aliyelelewa asiingie jikoni, alijifunza kusonga ugali. Alimpikia. Alimfulia. Jumapili alimshika kiwiko kutoka nyumbani hadi kanisani, akimwambia kwa sauti ya chini palipo na shimo na palipo na jiwe, na siku hizo hakutoa alama za mahubiri, maana mkono wake mmoja ulikuwa na kazi. Mama yangu alisema huyo ndiye mume. Nilikubaliana naye. Ningependa kuishia hapo.

Mwende, binti yao wa pekee, ni muuguzi ng'ambo. Alimtumia mama yake simu ya tufaha, si mpya, aliyoitumia yeye mwenyewe, kupitia kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani. Alikuwa ameiwasha ile sauti inayosoma. Unapitisha kidole juu ya kioo, na kila unapogusa simu inakutajia kilichopo. Ukifika unapopataka, unagonga mara mbili. Mwende alimfundisha mama yake akiwa huko, jioni baada ya jioni, kwa subira ambayo sijui aliitoa wapi, maana kwa baba yake hakuipata. Mwanzoni Mama Mwende alimpigia simu mchinjaji akidhani ni dada yake. Baadaye vidole vyake vikaizoea kama vilivyozoea kuchambua mchele.

Sauti yenyewe ilikuwa kichekesho. Ilisoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka kwenye ndege jana, na Kikamba ilishindwa kabisa, ikawa inatafuna. Dada yake Mama Mwende, Kamene, alipojua hivyo, akaacha kumwandikia kwa Kikamba akaanza kumwandikia kwa Kiswahili, ili simu ya dada yake iweze kusoma. Mama Mwende alikuwa akikaa kwenye kiti cha nje, simu sikioni, akisikiliza habari za nyumbani kwa lafudhi ya kizungu, akicheka peke yake. Hakuna aliyejua anacheka nini. Kabla ya kupambazuka alifungua laini ya maombi ya simu, akawataja wanawake mmoja mmoja waombe, na sisi tuliokuwa bado kitandani tuliisikia ile sauti nzito kupitia ua. Mtu ambaye hangeweza tena kuvuka barabara alikuwa na watu wake wote mkononi.

Mwalimu akaitahini simu ile. Hakumwambia mtu. Siku moja alienda Ngara nayo, akaongeza pesa, akarudi na nyingine, mpya, sandukuni. Aliniita nije nione. Alikuwa na furaha ya kweli, na hiyo ndiyo sehemu inayonitesa, kwamba alikuwa na furaha.

"Ile ilikuwa ya mwisho darasani, Wairimu," aliniambia. "Hii ni ya kwanza. Betri siku mbili. Na ina kamera nne."

Kamera nne, kwa mwanamke asiyeona.

Nataka niwe wa haki. Hiyo simu mpya pia ilikuwa na sauti ya kusoma. Zote zinayo siku hizi, za upande huu na za upande ule, na najua watu wasioona wanaotumia za Android na kuzisifu. Kosa halikuwa la simu. Lakini mwendo wake wa vidole ulikuwa mwingine, sauti ilikuwa nyingine, vitu vilikuwa mahali pengine, na Mama Mwende akawa kama mtu aliyehamishiwa nyumba usiku akiwa amelala. Mwalimu alijaribu kumwekea ile sauti. Ilipowaka, kila alipogusa yeye mwenyewe, simu ikaongea, ikakataa kufunguka mpaka agonge mara mbili, naye akachanganyikiwa, akakasirika, akaizima. Akaizima kwa sababu ilimsumbua yeye. Kisha akamwambia mkewe asijali, yeye ana macho, atamsomea.

Basi akawa anamsomea. Simu ikakaa kwenye meza ya sebule, ikichajiwa mara moja kwa siku mbili kama alivyoahidi, na ujumbe ukiingia Mwalimu alivaa miwani akausoma kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma. Mke akipigiwa na mtu, Mwalimu alishika kwanza, akauliza ni nani na anataka nini. Maombi ya alfajiri yakafa, kwa sababu ilibidi Mwalimu aamke kuwaunganisha, na Mwalimu hakupenda kuamka. Wanawake waliambiana kwamba Mama Mwende amepoa siku hizi. Hakuwa amepoa. Alikuwa amefungiwa, na aliyemfungia alikuwa akimletea chai.

Jumamosi moja wanawake wanne wa kanisa walikuja kumwona, na mimi nikaingia na maziwa. Tulikuwa tunakunywa chai. Simu ikalia, ujumbe umeingia. Mama Mwende akasema uachwe tu, utasomwa baadaye. Mwalimu alikuwa tayari amevaa miwani.

"Ni Kamene," akasema, na akaanza kusoma. "Dada, jana amenipiga tena. Safari hii ni mgongo. Usimwambie mtu."

Alisoma hadi mwisho. Nilikuwa namtazama usoni na niliona pale alipoelewa anasoma nini, na bado hakuacha, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kuiacha sentensi katikati. Hata lile la usimwambie mtu alilisoma kwa matamshi safi. Mmoja wa wanawake akaweka kikombe chini. Mama Mwende aligeuza uso upande wa ukuta, kama wanavyofanya watu wanaotaka kuficha macho, ingawa yeye hakuwa na haja.

Mwalimu akavua miwani, akasema, "Basi ni vizuri tumejua. Tutamsaidia."

Hakuomba radhi. Sidhani hata alijua kuna radhi ya kuombwa. Na kwa kuwa wanawake wanne hawawezi kutunza kitu kama hicho, na mmoja wao ana jamaa Machakos, habari zilimfikia Kamene kwamba Dagoretti nzima inaujua mgongo wake. Alipiga simu mara moja, Mwalimu akashika, Kamene akakata. Baada ya hapo hakuandika tena, na kila alipopigiwa alikuwa mteja hapatikani.

Nilimkuta Mama Mwende jikoni akipapasa mahali ilipo chumvi. Akaniambia, "Macho yalipoenda sikulia sana, Wairimu. Hii imeniuma. Kamene hana mtu mwingine."

Nilivuka ua siku hiyo hiyo. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya bima huko Westlands, nimezoea kuongea na watu wakali bila kupandisha sauti, lakini siku hiyo nilipandisha. Nilimwambia airudishe ile simu. Akasema ilishauzwa, labda iko na mtu mwingine saa hii. Nikamwambia amnunulie nyingine kama ile. Akanieleza kwa utulivu kwamba nakasirika kwa sababu sijaiona hesabu, kwamba ameirudia, na simu mpya inashinda katika masomo manne kati ya matano.

"Ulimuuliza?" nikamwambia.

"Kumuuliza nini, na haoni?"

Alisema hivyo, kwa upole kabisa. Nimeyageuza maneno hayo kichwani nikitafuta namna ya kumtetea, na sijaipata. Kwa mtu huyu, mkewe alikuwa ameanguka somo moja, na somo moja likashusha jumla, na jumla ikimshuka mtu hukalishwa mlangoni. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikamtajia Wambui, na nikamwambia kwamba hajawahi kumwona mtu yeyote maishani mwake, amehesabu tu. Akaniambia nina hasira na hasira haifanyi hesabu. Nikatoka, nikaubamiza mlango wake, na mlango ule naujivunia hadi leo.

Mama Mwende hakubamiza chochote. Alikuwa katika chama cha wanawake wa kanisa, cha kupeana kwa zamu, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Aliomba abadilishane na mwenzake. Walipomuuliza anataka nini, sufuria au tangi, akasema anataka simu, na hataki Mwalimu ajue mpaka iwe mkononi. Wale wanne waliousikia ule ujumbe ndio waliokuwa wa kwanza kukubali.

Nikampeleka Westlands, kwenye duka moja ndani ya jengo la maduka karibu na ofisini kwangu. Msichana wa dukani alikuwa na heshima, akaanza kumsomea yaliyo kwenye kadi, kumbukumbu kiasi gani, betri kiasi gani. Mama Mwende alinyoosha mkono.

"Mwanangu, nyamaza kidogo niisikie."

Msichana akawasha ile sauti na kumwekea simu kiganjani. Mama Mwende aliijaribu ya kwanza, akaitoa. Akaijaribu ya pili, ya Android, akasema sauti yake ni nzuri, ina adabu, lakini vidole vyake ni vizee na haviwezi kwenda shule tena. Alipowekewa ya tatu, ya tufaha, ya mtumba, yenye mkwaruzo ubavuni, alipitisha kidole chake mara moja na ile sauti ya kizungu ikaongea. Niliona mabega yake yakishuka. Hakuuliza hata ina kamera ngapi. Pale pale dukani, alipokwisha kuwekewa laini mpya, akiwa bado amesimama, aliitafuta nambari ya Kamene kwa kichwa, akaibonyeza mwenyewe, na ilipopokelewa akaanza kuongea Kikamba kwa haraka hivi kwamba msichana wa duka na mimi tukasogea pembeni, ingawa hatukuwa tunaelewa. Aliongea muda mrefu. Wateja walimpita.

Mwalimu aliitahini hiyo pia, bila shaka. Ikawa ya pili kutoka mwisho. Mama Mwende alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshukuru, akaiweka kwenye mfuko wa sweta yake na kuufunga kwa pini. Wiki iliyofuata alimwambia anakwenda Machakos kukaa na dada yake kidogo. Kamene alikuwa amemwacha mumewe na kurudi kwenye nyumba ya wazazi wao. Mwalimu alimsindikiza hadi kwenye gari, akamshika kiwiko, akamwonyesha ngazi. Alituambia majirani kwamba atarudi Jumapili.

Jumapili zikapita. Alipika ugali wa mtu mmoja, na harufu ya ugali ulioungua ikawa inavuka ua wetu. Simu ya kwanza darasani ilibaki kwenye meza ya sebule. Watu wakaendelea kuja na masanduku yao, naye akaendelea kuwapa alama, lakini waliniambia kwamba siku hizi anasahau kuwapa chai. Mama yangu alimpelekea chakula. Mimi sikupeleka. Mama alinilaumu kwa hilo, akasema mzee ni mzee, na kwamba aliyemshika mkewe kiwiko miaka yote ile hawezi kuwa mtu mbaya. Sikusema ni mbaya. Nilisema nina hasira naye, na bado ninayo.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa Westlands, mahali ambapo sikuwahi kumwona. Askari wa mlangoni alinipigia kuniambia kuna mzee chini anayesema ni mwalimu wangu. Nilimkuta kwenye kiti cha wageni, amevaa suti ya mazishi, kofia magotini. Alikuwa amepunguka. Hakuzunguka kwa maneno. Alisema simu ya mkewe imeharibika.

"Napiga, inaita, inaita, haishikwi. Asubuhi napiga, jioni napiga. Nilisema ile betri. Mlidharau hesabu, sasa ona."

Nilimuuliza kama amejaribu kumpigia Kamene. Akasema Kamene hamshiki kabisa. Akaniomba nijaribu na simu yangu, pengine laini ya Machakos inapenda za ofisini. Sikutaka. Lakini watu wa mapokezi walikuwa wanatutazama, nikapiga, na nikaweka spika ili asije akasema nimemdanganya.

Iliita mara mbili tu. Ile sauti nzito ikasema, "Wairimu, mwanangu. Habari ya kazi?" Nyuma yake kulikuwa na kuku, na mwanamke mwingine akicheka.

Nikamwambia niko na Mwalimu hapa, anasikia, na ana wasiwasi kwamba simu yake imeharibika.

Mama Mwende akasema, "Simu haina shida. Akipiga inanitajia. Inasema 'Mwalimu'. Huwa nasikia vizuri sana."

Mwalimu alikuwa ameinama kuelekea kwenye mkono wangu. Akaniambia kwa kunong'ona, kana kwamba mkewe hawezi kumsikia, "Muulize atashika lini."

"Nimemsikia," Mama Mwende akasema. "Mwambie nitashika akiwa na la kuniambia. Kusomewa nimechoka." Akaniaga vizuri, akanipa salamu nimpelekee mama, akakata.

Mwalimu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kabambe yake, akaifungua mpira, na kidole gumba kikaenda chenyewe hadi kwenye kitufe cha kijani. Hakukibonyeza. Nilingoja, na nilikuwa na kazi mezani, lakini nilingoja. Mwishowe akainua uso.

"Nimwambie nini?" akaniuliza.

Hakuwa ananitania. Aliuliza kama wanafunzi walivyokuwa wakimuuliza yeye, akitumaini kwamba mimi ninalo jibu na nitalitaja. Na labda nilikuwa nalo. Lakini nilimkumbuka yule mwanamke akigeukia ukuta na kikombe cha chai mkononi, nikasimama.

"Hilo utamwambia mwenyewe, Mwalimu," nikamwambia, na nikapanda juu kazini.